Faili Inayobeba Anwani Tu

Mwaka 1983, Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kilitoa 4.2BSD, toleo la Unix lililokuja na aina mpya ya faili. Faili hiyo haibebi barua wala picha. Inabeba anwani tu ya faili nyingine. Ndiyo inayoitwa kiungo cha ishara. Ukiifungua, kompyuta inakupeleka kwenye anwani hiyo. Kilichokuwapo kikifutwa, kiungo kinabaki kikielekeza mahali patupu.

Mifumo ya kudhibiti matoleo ipo ili kilichoandikwa jana kiweze kurudishwa leo. Mbele ya kiungo, basi, ihifadhi nini: anwani, au kitu kilichopo kwenye anwani?

CVS, iliyoanzishwa na Dick Grune katika miaka ya 1980, haikujibu. Haikuhifadhi viungo kabisa. Aliyevihitaji ilimbidi aviunde upya mwenyewe. Subversion ilianza kuvihifadhi mwaka 2004, katika toleo la 1.1: anwani iliandikwa kwenye faili ya kawaida yenye alama ya pekee. Git, ambayo Linus Torvalds aliianza Aprili 2005 kwa ajili ya msimbo wa Linux, nayo ilichagua anwani. Maneno yake hutunzwa kama maandishi mengine yoyote, na namba 120000 kwenye orodha ya folda hutambulisha kwamba hiki ni kiungo.

Uamuzi huo una busara. Kama mfumo ungenakili kitu chenyewe, kiungo kinachoelekeza nje ya mradi kingeweza kuingiza humo hata faili za siri za mwenye kompyuta. Lakini una gharama pia. Kiungo cha miaka kumi iliyopita kitarudishwa herufi kwa herufi, kisha kikuelekeze kwenye folda isiyopo. Kwenye Windows, ambako kuunda viungo mara nyingi huhitaji ruhusa maalumu, Git inaweza kukuachia faili fupi yenye mstari mmoja wa anwani, na programu iliyotegemea msimbo ikashindwa kufanya kazi.

Anwani inaweza pia kuwa mtego. Mei 2024, Git ilirekebisha kasoro CVE-2024-32002: kwenye mifumo isiyotofautisha herufi kubwa na ndogo, kiungo kilichopangwa kwa hila kingeweza kuendesha programu ya mshambuliaji wakati mtu ananakili hazina pamoja na hazina ndogo zilizomo.

Anayetaka mradi wake usomeke miaka ishirini ijayo avikague viungo vyake. Vinavyoelekeza ndani ya mradi husafiri pamoja na vinachokielekeza. Vinavyoelekeza nje vinaitegemea kompyuta ambayo huenda siku hiyo haitakuwapo.