Akiba ya Kiangazi: Historia ya Michembe Katika Nchi ya Dhahabu

Mvua zikishakata na Juni ikaingia, majabali ya Usukuma hubadilika rangi. Juu ya mawe yale makubwa ya kijivu, kuanzia Mwanza hadi Geita na Shinyanga, hutandazwa vipande vyembamba vya viazi vitamu na kuachwa vipigwe jua siku kadhaa mpaka vikauke kau. Pasipo na jabali utakuta mkeka, paa la bati au uwanja uliofagiwa. Hiyo ndiyo michembe. Ni kazi ya akina mama tangu mwanzo hadi mwisho: kuchimba, kuacha viazi vinyauke kidogo, kumenya, kukata, kuanika, kuanua wingu likitanda. Ina ndugu yake, matobolwa, ambayo viazi vyake huchemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa. Michembe lazima irudi jikoni kabla ya kuliwa. Matobolwa hutafunwa yalivyo, na kwa ugumu wake mtoto anayechunga ng'ombe akitia machache mfukoni asubuhi yatamfikisha jioni.

Nchi inayouzunguka mgodi wa Bulyanhulu, yaani Msalala na Kahama, na ng'ambo yake Geita, imeandikwa sana, na karibu yote yaliyoandikwa ni dhahabu. Kuna mgodi wa Geita wa zama za Waingereza, uliochimbwa tangu miaka ya 1930 hadi 1966. Kuna wachimbaji wadogo, leseni, kampuni za Kanada, mzozo wa mchanga wa makinikia wa 2017, ubia wa Twiga kati ya serikali na Barrick. Anayesoma maandishi hayo peke yake ataamini kwamba watu wa huku walianza kuishi siku jiwe lilipong'aa. Mimi nashikilia kwamba historia iliyo ndefu zaidi, na yenye faida kubwa zaidi kwa kijana wa Kakola au Bugarama, jirani na Bulyanhulu, anayetaka kujua alikotoka, ni historia ya akiba: namna nyumba ilivyovushwa kutoka masika hadi masika bila kufa njaa. Na kila nchi hii ilipovunjwa, ilijijenga upya kwa maarifa hayohayo.

Kiazi chenyewe ni mgeni. Asili yake ni Amerika, kikavuka bahari, kikafika pwani, kikapanda bara. Kilipoingia huku kilikuta wakulima wa mtama na uwele, na kilikuta pia njia zenye watu. Mwingereza John Hanning Speke alipotoka Kazeh, Tabora ya leo, mwaka 1858 kwenda kutafuta ziwa, alipita katika nchi ya Msalala kabla ya kuliona ziwa tarehe 3 Agosti. Alifuata njia za wenyeji. Wasumbwa na Wanyamwezi walikuwa wameshazoea safari ndefu kupita hizo. Msumbwa mmoja, Ngelengwa, alifuata biashara ya shaba mpaka Katanga, akajulikana huko kwa jina la Msiri, akasimamisha dola la Garanganze lenye makao makuu Bunkeya, akatawala hadi alipouawa mwaka 1891. Wazao wa watu wake, Bayeke, wapo Kongo hadi leo na wanaitambua asili yao kuwa upande wetu. Safari ya miezi haiendi kwa chakula kibichi. Watu waliokuwa wakitembea hivyo walihitaji chakula chepesi begani kisichooza.

Lakini michembe haikuzaliwa kwa ajili ya safari. Ilizaliwa kwa sababu ya udongo na mdudu. Huku mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili au Mei, kisha kiangazi kirefu. Kiazi kikiachwa ardhini wakati huo, ardhi hupasuka, na fukusi hupenya katika nyufa hizo hadi kwenye kiazi na kukiharibu. Kikichimbwa na kuwekwa ndani kibichi, hakichukui muda kabla ya kuoza. Mkulima amebanwa pande zote mbili, na jua lililomkaushia shamba ndilo linalompa njia ya kutoka. Huchimba vyote, hukata, hukausha. Ikikauka vizuri michembe huvuka kiangazi chote na kuikuta mvua nyingine. Wazee waliosema akiba haiozi hawakuwa wakitia chumvi.

Hayakuwa maarifa ya kiazi tu. Majani ya kunde yalikaushwa yakawa nsansa, mboga ya miezi ambayo hakuna jani bichi. Nafaka na vitu vikavu viliwekwa katika kilindo, pipa lililoshonwa kwa magome ya miti ya miombo. Hata malisho yaliwekewa akiba. Kaya na vijiji vingi vilikuwa na ngitili, eneo lililofungwa mvua zinapoanza, ng'ombe wasiingie, nyasi zikue na kukaukia hapohapo, kisha likafunguliwa kiangazi kinapokuwa kikali. Ukizitazama ngitili na michembe kwa pamoja utaona akili moja inafanya kazi katika mambo mawili, la mwanamke jikoni na la mwanamume zizini.

Utawala wa Waingereza uliitikisa akili hiyo, mara nyingine kwa nia njema. Kuanzia miaka ya 1920, chini ya C. F. M. Swynnerton aliyeongoza utafiti wa mbung'o akiwa Shinyanga, misitu ilifyekwa ili kumfukuza mdudu huyo anayeeneza maradhi yanayoua ng'ombe. Mbung'o alirudi nyuma kweli, watu na mifugo wakaenea. Baadaye pamba ikamaliza vichaka vilivyobaki. Gome la kutengenezea kilindo likawa la kutafutwa mbali. Wakati huohuo watawala wa jadi waliagizwa kuhakikisha kila kaya inalima mihogo na viazi kuwa kinga ya njaa, na asiyelima aliadhibiwa. Kwa maoni yangu hapo ndipo michembe ilipoharibiwa jina. Chakula kilichokuwa heshima ya mama mwenye kuona mbali kikaanza kuhesabiwa chakula cha amri, cha mwaka mbaya. Mpaka leo wapo wanaoficha sahani ya michembe mgeni wa mjini akibisha hodi, na ugali wa mahindi meupe ukawekwa mbele yake. Hilo huniuma.

Pigo kubwa zaidi lilikuja 1974, Operesheni Vijiji ilipofika Shinyanga. Kaya zilizokuwa zimetawanyika, kila moja na mashamba yake na mara nyingi ngitili yake, zilihamishiwa vijijini kwa pamoja. Ngitili nyingi zilikosa mwenyewe, zikaliwa na ng'ombe wa kila mtu, zikakatwa kuni. Miaka kumi baadaye ardhi ilikuwa imechoka kiasi kwamba Mwalimu Nyerere aliiita Shinyanga jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norwei. Wataalamu walianza kwa kuotesha miche kwenye vitalu, kama ilivyokuwa desturi ya miradi ya wakati ule. Mafanikio makubwa yakaja walipowasikiliza wazee na kurudisha ngitili. Wakati mradi unaanza, ngitili zilizojulikana hazikuzidi hekta 600 hivi. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa ule mkubwa wa zamani, kabla haujagawanywa. Mwaka 2002 HASHI ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Nani alizilinda ngitili hizo? Dagashida, mkutano wa jadi wa wanakijiji, ndiyo iliyopanga sheria. Sungusungu, jeshi la jadi lililoibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika Kahama na Nzega kupambana na wezi wa ng'ombe, ndio waliokamata wakosaji. Na mkosaji alitozwa mchenya, faini ya kimila ambayo hakuna tajiri aliyeidharau, kwa sababu aliyeikataa alitengwa. Mbegu nyingi za msitu zilikuwa bado ardhini, visiki vilikuwa hai. Kazi kubwa ilikuwa kuwazuia ng'ombe na mapanga, na miti ikainuka yenyewe.

Wakati ngitili zinarudi, Bulyanhulu ilikuwa inajaa watu. Dhahabu yake iligunduliwa katika miaka ya 1970, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 maelfu ya wachimbaji wadogo walikuwa kwenye maduara, yaani mashimo yao ya kuchimbia, Wasukuma, Wasumbwa, Wanyamwezi, Waha, Wahaya, Wakurya na wengine. Mwaka 1996 waliondolewa, eneo likaenda kwa kampuni ya Sutton Resources ya Kanada. Yaliyotokea siku zile yamebishaniwa ndani na nje ya nchi, na kwa familia zilizokuwepo bado ni kidonda. Barrick iliinunua Sutton mwaka 1999, na mgodi wa chini ya ardhi ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2001.

Mtu anayehama kwa ghafla hubeba nini? Maisha ya machimbo ni ya kuhama. Rashi, yaani habari ya dhahabu mpya, ikisikika kwingine, kambi nzima hunyanyuka. Vitu vizito vilivyokuwa fahari ya nyumba hubaki nyuma: jiwe la kusagia lililolainishwa na mikono ya vizazi vitatu, kilindo cha bibi, jembe la zamani lililofuliwa na Warongo, wale mafundi wa Uzinza waliokuwa wakiyeyusha chuma na kuuza majembe Usukuma na Unyamwezi, majembe ambayo yalitolewa hata mahari. Ndiyo maana katika nyumba za kupanga za Kakola ni shida kupata kumbukumbu ya ukoo inayoshikika kwa mkono. Anayetaka kuviona vitu hivyo itambidi aende Bujora, Kisesa, karibu kilomita 20 kutoka Mwanza mjini. Huko Padri David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, alianza kukusanya ngoma, viti vya enzi, vyombo vya nyumbani na vya wafua chuma, na mwaka 1968 pakawa makumbusho. Nampa heshima yake. Alianza kazi hiyo mapema, wakati wenyeji wengi walikuwa bado wanavitupa vitu hivyo wakiviona vya kishenzi, kama walivyofundishwa. Kila mwaka ikifika sikukuu ya Ekaristi, Bujora hujaa wachezaji wa vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu katika tamasha la Bulabo, mashindano yaliyorithiwa kutoka kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha.

Chakula hakihitaji makumbusho. Mama anayehamia machimboni anaweza kuacha jiwe la kusagia, lakini fungu la marando, yaani mashina ya viazi ya kupandia, hufungwa kwa kamba na kutiwa kwenye ndoo yenye maji kidogo, na michembe hujaa kiroba kimoja. Wafugaji wa Kisukuma waliohamia Usangu, Rukwa, Kilombero na hadi Lindi wakitafuta malisho walihama na ulaji wao vilevile. Leo ukiingia soko la Kahama utakuta michembe na matobolwa vinauzwa kwa sado, ile ndoo ndogo ya kupimia, kama mchele na maharage. "Mayu (mama), hii ya mwaka huu?" ndilo swali la mnunuzi anayejua. Kisha huvunja kipande kimoja akasikiliza kinavyokatika, akakinusa. Yenye vumbi la wadudu haipiti.

Wala tusidhani ni ujuzi wa Wasukuma peke yao. Waiteso wa mashariki ya Uganda wana amukeke, vipande vilivyokaushwa vibichi kama michembe yetu, na inginyo iliyopondwa. Huko Ibaraki, Japani, viazi vitamu hupikwa kwa mvuke, hukatwa na kukaushwa, vikaitwa hoshiimo. Ni jamaa wa karibu kabisa wa matobolwa, isipokuwa kwamba Wajapani huvifunga vizuri na kuvipeleka kwa mgeni kuwa zawadi, kwa bei nzuri. Sioni kinachotuzuia sisi zaidi ya aibu tuliyorithi.

Kituo cha utafiti cha Ukiriguru kimekuwa kikisambaza viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A kwa watoto. Ni kazi njema, ila anayevikausha ajue kwamba jua kali hula sehemu ya vitamini hiyo, na kuanika kivulini huokoa zaidi. Pembeni ya viazi hivyo vipya zipo aina za zamani ambazo mama wa Msalala anazijua kwa majina: hiki kitamu kikiwa kibichi lakini michembe yake hubaki na nyuzi, kile hakina ladha kikichemshwa lakini kikikauka ni unga mtupu. Mbegu zake haziko ghalani. Ziko katika kipande cha shamba karibu na kisima au bondeni, mahali pa kuyatunzia marando kiangazi, na katika viazi vidogo vilivyosahauliwa ardhini ambavyo huchipua mvua ya kwanza ikinyesha. Kiangazi kikizidi urefu, bonde likakauka, aina nzima inaweza kupotea na jina lake. Majina hayo yaandikwe sasa, kijiji kwa kijiji, pamoja na jina la ukoo uliotunza kila aina, na Bujora ipewe nakala.

Na mpishi wa mara ya kwanza afanye hivi. Chagua michembe, toa iliyotobolewa, osha kwa maji mawili, loweka kidogo. Injika kwa maji ya kutosha na moto wa wastani mpaka ilainike bila kuvurugika. Karanga zikaangwe kidogo, zitwangwe, zikorogwe kwa maji ya moto na kumiminwa sufuriani maji ya michembe yakikaribia kwisha, na chumvi. Wengine huponda kabisa kwa mwiko, wengine huacha vipande vionekane. Kwetu viliachwa vionekane, michembe ikaliwa asubuhi na maziwa mgando kabla ya kwenda shamba.