Kutundika daluga

Marekani, mchezaji wa besiboli wa zamani hubaki kwenye kadi: picha mbele, takwimu nyuma. Kwetu Karagwe na Kyerwa wasifu wa mwanasoka hubebwa na vitenzi. Kijiweni Kayanga mzee huanza na “aliwika”, kisha “alitamba”, ndipo ashushe sauti: “akatundika daluga.” Nakipenda mno kitenzi hicho. Kustaafu ni kwa barua. Kutundika ni kwa mkono. Nauona msumari ukutani, kamba zimefungwa fundo moja, udongo mwekundu umekaukia kwenye soli. Peter Tino, aliyefunga kule Ndola, Zambia, mwaka 1979 Taifa Stars ikafuzu fainali za Mataifa ya Afrika 1980, husimuliwa hivyo hivyo, bila kadi. Na kilichotundikwa hakijatupwa: bonanza la maveterani likiitishwa, hushushwa.