Siku Moja Mjini Rio de Janeiro

Mgeni afikaye Rio de Janeiro, katika nchi ya Brazili, huelekezwa kwanza kutazama juu. Juu uko mlima wa Corcovado wenye sanamu ya Kristo iliyozinduliwa mwaka 1931, na mwamba wa Pão de Açúcar, ambao magari ya waya yalianza kuupanda mwaka 1913. Ni haki yake kutazama, maana uzuri wa mji huu hauna kifani. Lakini mwenye siku nzima mkononi, asiyekimbizwa na saa, na apendaye kujua jinsi mji ulivyopata kuwa mji, afadhali atazame pia mawe anayoyakanyaga.

Asubuhi na aanze katika uwanja wa Praça XV, mbele ya jumba la Paço Imperial. Jumba hili lilijengwa mwaka 1743 kuwa makao ya magavana. Rio ilipofanywa mji mkuu wa koloni mwaka 1763, wakakaa humo makamu wa mfalme wa Ureno. Na mwaka 1808 likaipokea familia ya mfalme yenyewe, iliyokuwa ikiyakimbia majeshi ya Napoleon. Humo ndimo Binti Mfalme Isabel alimotia sahihi, tarehe 13 Mei 1888, sheria ya kukomesha utumwa. Brazili ilikuwa nchi ya mwisho katika bara zima la Amerika kufanya hivyo. Sheria ile ilikuwa na vifungu viwili tu. Iliwapa watu uhuru, lakini haikuwapa ardhi, wala shule, wala fidia.

Kando ya jumba hilo imepita njia iitwayo Primeiro de Março, ambayo zamani ilijulikana kwa jina la Rua Direita. Hapo wanadamu waliuzwa hadharani, karibu na makanisa na nyumba za wakubwa. Katika miaka ya 1770 makamu wa mfalme, Markizi wa Lavradio, aliamuru soko lile lihamishiwe Valongo, nje ya mji wa siku zile. Biashara haikupunguzwa hata kidogo. Iliondolewa mbele ya macho tu. Huko ndiko kuficha kwa kwanza.

Mchana msafiri atafuata barabara pana ya Rio Branco. Ilifunguliwa mwaka 1905, wakati wa Meya Pereira Passos, aliyetaka Rio ifanane na Paris. Nyumba kwa mamia zilibomolewa ili ipite, na maskini wengi wakasukumwa vilimani. Kandokando yake yako majengo ya fahari, kama Theatro Municipal, iliyofunguliwa mwaka 1909. Barabara hii humfikisha mtu katika uwanja wa Mauá, na mbele kidogo, upande wa magharibi, liko gati la Valongo.

Hapa msafiri asipite upesi. Gati hili la mawe lilijengwa mwaka 1811, na yakadiriwa kuwa Waafrika 900,000 walishukia hapa. Wengi walitoka Kongo na Angola. Lakini baada ya mwaka 1815, Ureno ilipokubali mbele ya Uingereza kuacha biashara hiyo kaskazini mwa ikweta, wafanyabiashara waliongeza safari za Msumbiji. Merikebu zilipakia watu Quelimane na Kisiwa cha Msumbiji, zikaizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Miongoni mwa mateka hao walikuwamo Wamakua, ambao ndugu zao wako hata leo kusini mwa Tanzania. Walipofika Rio waliandikwa kwa jina moja tu, “Moçambique”, kana kwamba hawakuwa na kabila wala ukoo.

Sheria ya mwaka 1831 iliikataza biashara hiyo, ingawa iliendelea kwa magendo mpaka miaka ya 1850. Mwaka 1843 gati lilifunikwa kwa mawe mapya, ili Teresa Cristina, mchumba wa Mfalme Pedro wa Pili, ashukie mahali panapopendeza. Likaitwa Gati la Malkia. Huko ndiko kuficha kwa pili. Mwaka 1911 gati la Malkia nalo likafukiwa, pakafanywa uwanja, na bahari ikasogezwa mbali. Huko ndiko kuficha kwa tatu. Mawe ya awali hayakuonekana tena mpaka mwaka 2011, wajenzi walipokuwa wakiitengeneza upya sehemu ya bandari. Pamoja nayo zilipatikana shanga, kauri, pete na hirizi. Mwaka 2017 mahali hapo paliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Karibu na hapo kuna makaburi ya wale waliokufa kabla ya kuuzwa. Walizikwa bila sanda wala jeneza, na daftari la kanisa la mwaka 1824 hadi 1830 peke yake lina zaidi ya watu 6,000. Mahali pale palisahauliwa hata pakajengwa nyumba, mpaka mwaka 1996 mafundi waliokuwa wakitengeneza nyumba moja walipofukua mifupa.

Jioni msafiri na apumzike Pedra do Sal, mwamba uliochongwa ngazi, ambapo wapagazi weusi walikuwa wakishusha chumvi. Katika mitaa hii waliishi watu huru waliohamia kutoka Bahia, akiwamo Tia Ciata, aliyefariki mwaka 1924, ambaye nyumba yake ilikuwa kitalu cha samba. Hata sasa watu hukusanyika penye mwamba huo jioni kupiga ngoma na kuimba. Kwa hiyo kumbukumbu ambayo serikali iliifukia, watu waliihifadhi midomoni na mikononi mwao.

Kutoka jumba lilimotiwa sahihi uhuru mpaka gati uliposhukia utumwa ni mwendo usiofika saa moja kwa miguu. Lakini toka jiwe la kwanza la kulifunika gati mpaka siku lilipoona jua tena ilipita miaka 168. Mji huikumbuka upesi siku ya wema wake, na huchelewa sana kuikumbuka siku ya deni lake. Mwanafunzi wa historia apimapo mji wowote, hata wa kwao, na aupime kwa urefu wa kuchelewa huko.