Ngano ya Hanang

Nimerudi chuo salama, ila vumbi la Katesh bado liko kwenye begi.

Wageni wote wanakimbilia Kilimanjaro, nami nikasema ngoja niende huku kwa Wairaqw na Wabarabaig. Mlima Hanang una mita 3,417, ukiwa Katesh ni kama umekuinamia. Ubavuni ndiko yalikotoka maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023, yaliyoua watu zaidi ya 80. Mwenyeji wangu alinyoosha kidole tu, hakusema kitu. Nami nikanyamaza.

Ila kilichonipeleka ni ngano. Miaka ya 1970 na 1980 NAFCO, shirika la serikali, kwa msaada wa Kanada, ilifungua mashamba saba, karibu ekari 100,000, kwenye malisho ya Wabarabaig kule Basotu. Trekta zilipita mpaka juu ya makaburi ya wazee wao. Kijiji cha Mulbadaw kikashtaki, kikashinda Mahakama Kuu, halafu 1985 Mahakama ya Rufani ikapindua. Sababu? Baraza la kijiji halikuwa limegawiwa ardhi ile, na walalamikaji wengi eti hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji. Yaani Mbarabaig alete ushahidi kwamba ni mwenyeji wa Hanang, jamani!

Nilimuuliza babu mmoja kama anaikumbuka kesi ile. Akanitazama weee, akauliza, "Mjukuu, wewe unasomea sheria?"

"Hapana babu, historia."

Akacheka, akaniongezea maziwa.