Nani Anaruhusiwa Kuzurura?

Kama babu ya babu yako aliishi hapa Nakuru mwaka 1901, basi aliishi Uganda. Siyo utani. Mpaka wa Uganda ulikuwa huku kwetu kwenye Bonde la Ufa, na Naivasha, Nakuru na Kisumu zote zilihesabiwa upande ule. Halafu tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza wakauhamisha, na watu wakaamka wako nchi nyingine bila hata mmoja wao kufunga mzigo.

Mwezi uliofuata, Mei 1902, Waganda wawili walipita hapa kwa treni wakielekea Mombasa. Reli ilikuwa imefika Nakuru miaka 2 tu kabla ya hapo. Mmoja alikuwa Apolo Kaggwa, Katikiro wa Buganda, yaani waziri mkuu. Mwingine alikuwa Ham Mukasa, katibu wake. Wote wawili walikulia kwenye ikulu ya Kabaka wakiwa vijana watumishi, na wote waliponea vita vya dini vya Buganda. Mukasa alitoka huko na risasi ya goti, akawa anachechemea. Sasa walikuwa wanaenda London, wamealikwa kutawazwa kwa Mfalme Edward VII. Mmisionari Ernest Millar aliandamana nao kama mkalimani.

Ninawaleta hawa wasee wawili kwa sababu ya swali ambalo limenikaa kichwani mwaka huu wote: ni nani duniani anaruhusiwa kwenda kuzurura tu? Si kusoma, si kazi, si mkutano. Unabeba begi mgongoni, wewe na marafiki zako, mnashuka kwenye jiji msilolijua, mnapotea njia, mnakula chakula msichojua jina lake, halafu mnarudi nyumbani na stori. Hapa Nakuru tunawaona kila wiki vijana wa Ulaya wakifanya hivyo. Wanashuka matatu na mabegi marefu kuliko vichwa vyao, wanauliza njia ya Menengai, kesho wako Hell's Gate, keshokutwa wameenda. Hakuna anayewauliza kwa nini.

Rudi London, 1902. Sherehe ilipangwa iwe 26 Juni. Siku 2 kabla, mfalme akapelekwa kwa kisu, kidole tumbo, na kila kitu kikasukumwa hadi 9 Agosti. Fikiria wewe ni mgeni, umevuka ziwa, bara na bahari kwa sababu ya sherehe ya siku moja, halafu unaambiwa ngoja wiki 6. Kaggwa na Mukasa wakangoja, na katika kungoja wakaliona jiji. London wakati huo ilikuwa na watu zaidi ya milioni 6, na treni za umeme zilikuwa zikikimbia chini ya ardhi tangu 1890. Hakukuwa na mji wa namna hiyo popote Afrika Mashariki.

Mukasa aliandika kila kitu. Aliandika kwa Kiganda, Millar akatafsiri, na kitabu kikatoka 1904. Kinaitwa Uganda's Katikiro in England. Kinachonifurahisha ni jinsi alivyotazama. Alikuwa anamwandikia mtu wa Mengo ambaye hajawahi kuona Ulaya, kwa hiyo alichukua vitu vya London na kuvilinganisha na vitu vya nyumbani, ndio msomaji aelewe. Kwa miaka mingi wazungu walikuwa wamekuja huku, wakatuandika, wakaenda kuuza vitabu kwao. Hapa alikuwepo mtu wa huku akiwatazama wao, na kipimo chake ni cha Buganda. Bosi wake naye hakuwa mtu wa kuandikiwa historia: Kaggwa alikuwa ametoa kitabu chake kuhusu wafalme wa Buganda mwaka 1901.

Lakini tusidanganyane. Hawa hawakuwa na begi mgongoni. Walikuwa wageni wa dola, wakiwa na mwaliko na mwenyeji. Na ukitafuta wengine wa enzi hizo, kila mmoja ana sababu iliyoandikwa na mtu mwingine. Amur bin Nasur kutoka Zanzibar aliishi Berlin miaka ya 1890 kwa sababu Wajerumani walitaka mwalimu wa Kiswahili. Selim bin Abakari, mtu wa Ngazija, alifika Urusi na Siberia mwaka 1896, lakini alikwenda kama mtumishi wa Mjerumani mmoja, Bumiller. Stori yake ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1901 kwenye kitabu Safari za Wasuaheli. Manze, mtu wetu alikuwa Siberia kabla Nairobi haijakuwa mji! Na bado hakwenda kwa hiari ya miguu yake.

Hata mtu wa karibu nasi zaidi, Joseph Murumbi, ni hivyo hivyo. Alizaliwa Eldama Ravine mwaka 1911, na mwaka 1966 akawa Makamu wa Rais. Kabla ya hapo aliishi London karibu miaka 10, kuanzia 1953, akiipigania Kenya kutoka huko kwa sababu Hali ya Hatari ilikuwa imefanya nyumbani kuwa hatari kwake. Alikuwa mpenzi mkubwa wa vitabu, na mkusanyiko wake leo uko kwenye Nyaraka za Taifa, Nairobi. Mtu kama huyo angefaa kuijua London kwa raha zake. Aliijua kwa kukimbia.

Mgeni, mwalimu, mtumishi, mkimbizi. Tafuta wewe aliyekwenda tu.

Sasa geuza upande. Mwishoni mwa miaka ya 1890 kijana mmoja Mwingereza aliingia nchi hii kutoka upande wa Somalia akiwinda wanyama. Hakuitwa na mtu. Hakuonyesha karatasi ya benki, hakuulizwa atalala wapi, hakuulizwa atarudi lini. Akaipenda. Mwaka 1903 akapewa ekari 100,000 pale Njoro, kwa mkataba wa miaka 99. Jina lake ni Lord Delamere. Alifariki 1931, na kaburi lake liko Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita. Alikuja kutembea na hakurudi. Ukienda Nairobi na matatu, unapita mashamba ya familia yake.

Na huku huyo mtalii wetu wa kwanza akijenga, watu waliomkuta hapa walianza kuhesabiwa hatua. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915 na ikaanza kukazwa baada ya Vita vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alibeba karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri na mshahara wake, ndani ya kikebe cha chuma shingoni. Ukitoka shambani Njoro bila mwajiri kutia sahihi, wewe ni mtoro. Ukikutwa mjini Nakuru bila sababu, wewe ni mzururaji. Kipande kilikufa kabla ya uhuru, lakini Sheria ya Uzururaji ilidumu hadi 1997. Neno lenyewe bado tunalijua vizuri. Mwulize kijana yeyote aliyewahi kupandishwa gari la polisi kwa sababu alikuwa amesimama tu.

Kwa hiyo nilipoketi na marafiki zangu watatu kupanga safari ya siku 10 kwenye jiji moja la Ulaya, hatukuwa tunafanya jambo dogo. Tulichanga kwa miezi 14. Mimi naishi kwa kuhariri video tangu nilipoacha chuo, mmoja ni fundi wa simu, mmoja anauza mitumba, mmoja ameajiriwa. Viza ya Schengen ni euro 90 kila kichwa. Unahitaji bima ya angalau euro 30,000, unahitaji kuonyesha utalala wapi, na taarifa za benki. Tulitoa zote. Aliyeajiriwa akapata. Sisi watatu tukarudishiwa pasipoti na karatasi yenye alama kwenye kisanduku: kuna shaka kama mwombaji ana nia ya kuondoka. Pesa hazirudi. Ubalozi siutaji, na wala hautakuwa tofauti sana na ule wa jirani yake, kwa sababu fomu ni ile ile.

Nia ya kuondoka! Nilisoma hayo maneno nikafikiria Njoro.

Kijana wa huko akitaka kuja Nakuru anajaza eTA mtandaoni akiwa kitandani kwao, mfumo ulioanza Januari 2024, kwa dola 30. Sisemi tuwafungie. Wanakula nyama yetu choma, wanalipa gaidi, wanalala vyumba vya watu wetu. Waje. Ninachosema ni kwamba udadisi hauna rangi, lakini ruhusa ya kuwa mdadisi imegawanywa kwa rangi na kwa mfuko kwa zaidi ya miaka 120.

Najua mtanijibu: zunguka kwenu kwanza. Sawa, nimezunguka, na Tugen Hills nawapendekezea nyote. Lakini hakuna anayemwambia kijana wa Munich amalize Ujerumani kwanza ndio aje kuona flamingo. Mtanijibu pia kwamba wetu wakienda hawarudi. Wengine hawarudi, ni kweli, na wana sababu zao. Kaggwa na Mukasa walirudi, na safari yao ikatoa kitabu.

Hiyo ndiyo hasara ambayo haihesabiwi kwenye euro 90. Kila kijana anayekataliwa ni macho mawili ambayo hayataona, na ni stori ambayo mtu wa Kaptembwo au Langalanga hatasimuliwa na mtu wa lugha yake. Tukibaki hivi, Ulaya tutaendelea kuijua kupitia video za Wazungu, na kwetu pia tutakujua kupitia video za Wazungu.

Rafiki yetu aliyepata viza aliondoka peke yake wiki iliyopita. Tulimpa pesa zilizobaki na amri moja: asitutumie picha za minara, hizo tunazo. Atuandikie kama Mukasa. Stendi yao ikoje ukilinganisha na yetu? Chai yao inafikia ya Gilgil? Watu wanasalimiana? Jana ametuma ujumbe wa kwanza. Anasema amepotea njia saa 3 nzima na hakuna askari aliyemuuliza anatafuta nini.