Nyundo na Jembe katika Nchi ya Ugogo

Katika Yubile hii wasomaji wetu watapata habari za maaskofu, za makanisa na za shule. Sisi twaandika habari ya nyundo, wala si neno dogo. Kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 13, chasimulia jinsi Waisraeli walivyokosa wahunzi, hata kila mtu akashuka kwa Wafilisti ili anolewe jembe lake na shoka lake. Mkulima wa Ugogo aielewa habari hiyo upesi.

Zamani za misafara, majembe mengi yaliyouzwa katika nyanda hizi yalifuliwa mbali, Uzinza na nchi za karibu na Ziwa Viktoria, ambako Warongo waliyeyusha chuma kwa makaa na mivukuto. Wapagazi wa Kinyamwezi waliyachukua mabegani, wakayabadili njiani kwa vyakula na mifugo. Jembe lilikuwa kama fedha. Na kwa mwenye shamba lilikuwa uhai wenyewe.

Misheni ilipofika, mmoja wa watu wake wa kwanza alikuwa fundi. Alexander Mackay, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1849, alijifunza uhandisi huko Edinburgh. Na mwaka 1877 akakata njia kutoka Saadani hata Mpwapwa, yapata maili 230. Baadaye alifua chuma Buganda kwa mikono yake mwenyewe, akafa Usambiro mwaka 1890. Katika mji huo huo wa Edinburgh alizaliwa James Nasmyth, ambaye mwaka 1839 alichora nyundo iendeshwayo kwa mvuke, kwa kuwa hapakuwa na nyundo ya kutosha kufua mhimili mkubwa wa meli. Lakini ile ni nyundo ya kiwanda. Hakuna mhunzi wa kijiji awezaye kuiweka chini ya mbuyu wake.

Reli ilifika Dodoma mwaka 1910. Tangu hapo chuma hakikuja tena kwa mabega ya watu tu. Kipande cha reli huwa fuawe njema, na kamani ya lori iliyovunjika hutoa majembe, mapanga na visu.

Kilichopunguka ni mkono. Chuma kilichotoka motoni hakimngoji mtu: rangi yake hugeuka kutoka manjano hata wekundu uliofifia kwa muda mfupi, na kukipiga kikiisha kupoa ni kukipasua. Kwa hiyo kazi hii yataka watu wawili: fundi ashikaye koleo na kuonyesha mahali kwa nyundo ndogo, na mpigaji mwenye nyundo kubwa. Mpigaji ni kijana, na vijana huenda mjini. Mzee akibaki peke yake hurudisha chuma motoni mara tatu badala ya mara moja. Nayo makaa, katika nchi kavu kama hii, ni miti yetu.

Ndiyo sababu mafundi wa nchi nyingi wamejitengenezea nyundo ya mashine kwa vyuma vilivyotupwa. Mota au injini ndogo huzungusha gurudumu. Kando ya kitovu cha gurudumu pana pini, nayo hupandisha na kushusha fimbo. Fimbo huyumbisha kamani ya lori iliyofungwa katikati, na mwisho wa pili wa kamani umeshika nyundo ya kilo 20 au 25. Kamani ndiyo siri ya kazi yote: pasipo kitu cha kunyumbuka, fimbo ingevunjika mara chuma kinene kiwekwapo juu ya fuawe. Ukanda wa mota huachwa umelegea. Fundi akikanyaga kanyagio, ukanda hukazwa na nyundo huanza kupiga. Akiinua mguu, hunyamaza. Hivyo mikono yake miwili hubaki kwenye koleo. (Majirani, kwa kweli, hawatamshukuru.)

Shule zetu za ufundi zingefanya vema kuijenga moja. Fuawe na iwe na uzito wa nyundo mara kumi au zaidi, tena ikalie msingi imara, la sivyo nguvu hupotea ardhini. Ukanda ufunikwe kwa wavu wa chuma, watoto wasije wakanaswa. Nyundo hiyo itapanua bamba la jembe; lakini shingo yake na makali yake bado humalizwa kwa nyundo ndogo ya mkono.