Mchezo wa video wa kuigiza uhusika

Mchezo wa video wa kuigiza uhusika (kifupi: RPG) ni aina ya mchezo wa video ambamo mchezaji huongoza mhusika mmoja au kikundi cha wahusika katika ulimwengu wa kubuniwa, na uwezo wa wahusika hao huongezeka kadiri mchezo unavyoendelea. Hutofautishwa na aina nyingine hasa kwa sababu matokeo ya tendo hutegemea zaidi uwezo wa mhusika, unaohesabiwa kwa namba, kuliko wepesi wa vidole vya mchezaji.

Asili

Aina hii ilitokana na michezo ya kuigiza ya mezani, inayochezwa kwa karatasi, penseli na dadu. Maarufu zaidi ni *Dungeons & Dragons*, uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa nchini Marekani mwaka 1974. Kila mchezaji huwa na karatasi inayoonyesha nguvu, akili, wepesi na uhai wa mhusika wake. Dadu huamua kama pigo limempata adui, na msimamizi husimulia kinachotokea.

Kompyuta ilichukua kazi ya dadu na sehemu ya kazi ya msimamizi. Baadhi ya majaribio ya kwanza yalifanyika katikati ya miaka ya 1970 kwenye mfumo wa PLATO wa Chuo Kikuu cha Illinois. Mwaka 1981 ilitolewa michezo ya *Ultima* na *Wizardry*, iliyoieneza aina hii kwa watumiaji wa kompyuta za nyumbani.

Sifa bainifu

* *Takwimu za mhusika*: nguvu, ulinzi, uhai na uchawi huandikwa kwa namba, na mchezo huzitumia kukokotoa kila pigo.
* *Ukuaji*: mhusika hupata pointi za uzoefu kwa kushinda maadui au kutimiza majukumu. Pointi zikitosha, hupanda ngazi na takwimu zake huongezeka.
* *Maamuzi*: mchezaji huchagua silaha, mavazi, ujuzi na mbinu za kupigana.
* *Hadithi na uchunguzi*: safari hupitia miji, mapango na nchi mbalimbali, na wakazi wake hutoa habari na kazi.

Kwa mfano, katika *Dragon Quest* (1986) mchezaji anayeshindwa na zimwi hawezi kulishinda kwa kubonyeza vitufe haraka zaidi. Hulazimika kupigana kwanza na maadui dhaifu hadi apande ngazi, au kukusanya dhahabu anunue upanga bora.

Matawi

Nchini Japani, *Dragon Quest* wa Yuji Horii na *Final Fantasy* (1987) wa Hironobu Sakaguchi iliweka mfano wa mapigano ya zamu kwa zamu. *Pokémon* (1996) ilifuata njia hiyo. Michezo mingi ya Magharibi, kama *Baldur's Gate* (1998) na *Skyrim* (2011), humruhusu mchezaji kuunda mhusika wake mwenyewe. *World of Warcraft* (2004) huchezwa na watu wengi pamoja kupitia intaneti.

Mipaka ya aina hii

Jina "kuigiza" peke yake halitoshi kuitambulisha aina hii, kwani karibu kila mchezo wa video humpa mchezaji mhusika wa kuongoza. *The Legend of Zelda* (1986) una upanga, mapango na ulimwengu mpana, lakini hauna pointi za uzoefu, na ushindi hutegemea sana jinsi mchezaji anavyokwepa na kupiga. Kwa hiyo wengi huuweka kati ya michezo ya vitendo na visa, ingawa wengine hupinga.

Kinyume chake, *Call of Duty 4* (2007) hutoa pointi na ngazi kwa wanaocheza kwa intaneti, lakini hubaki kuwa mchezo wa kupiga risasi, kwa kuwa shabaha ni ya mchezaji mwenyewe. *Diablo* uko katikati: huhitaji mkono mwepesi, lakini kama pigo litampata adui, na litamuumiza kiasi gani, huamuliwa na takwimu za mhusika. Ndiyo maana huitwa mchezo wa kuigiza uhusika wa vitendo.